Filamu Nilizoziangalia Nikiwa Nimelala Chali

Siku niliyokwenda kuonyesha mgongo wangu kwa mara ya mwisho katika hospitali ya Mweso, muuguzi aliyenihudumia tangu mwanzo, Mama Béatrice, aliniomba jambo. Alisema wagonjwa wapya wa mgongo wakiingia, kwanza wanauliza kama watatembea tena, na hilo daktari anawajibu. Halafu wanauliza watafanya nini na siku zote zile za kulala, na hapo kila mtu ananyamaza.

"Wewe njo unajua, Papa Neema," aliniambia, akiniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. "Baandikie kidogo. Filamu gani ya kuangalia, na gani ya kuacha."

Basi naandika. Sikuwa mtu wa sinema. Mimi ni mtengenezaji wa jibini, fromaji kama tunavyoiita huku Masisi, na nyumba yangu iko juu ya Kibabi, mahali ambapo ng'ombe wanalala nje na ukungu unaingia mpaka jikoni. Simu yangu ilikuwa ya kupiga na kupigiwa. Kama kisingenilaza hiki kifua kikuu cha mgongo, nisingejua lolote la kukushauri. Majina ya filamu sitakupa, kwa sababu nyingi zilinifikia ndani ya kadi ya simu zikiwa na herufi na namba tu. Nitakueleza inahusu nini, na kijana yeyote anayeuza filamu pale unapochajisha simu ataijua.

Kwangu ilianza kama uchovu. Nilikuwa nainama kugeuza jibini kwenye mbao, naona mgongo unauma katikati, mahali pamoja tu, kama mtu ameweka kidole na hataki kukitoa. Jioni napata homa. Usiku natoka jasho mpaka shuka inakamulika. Suruali zikaanza kunitoka kiunoni. Mke wangu Furaha alitoboa mkanda tundu jipya, halafu jingine. Tulikuwa tunavuna maharage wakati huo, kwa hiyo kila mtu mgongo ulimuuma, nami nikajihesabu kuwa mmoja wao.

Kaka yangu Faustin alikuwa na jibu lake. Kwetu mtu akikonda bila sababu, wanasema amepewa sumu. Kaka alimtaja hata aliyenipa, jirani tuliyewahi kugombana naye juu ya malisho, akanipeleka kwa mganga wa miti. Nilikunywa majani machungu, nikatapika vizuri sana, nikarudi nyumbani na maumivu yangu yaleyale. Simlaumu. Alikuwa anatafuta adui ambaye angeweza kumwona kwa macho.

Halafu miguu ikaanza kuwa ya mtu mwingine. Sina namna bora ya kulieleza jambo hili. Nilikuwa naiona, nafunika na blanketi, lakini nikikanyaga chini, sikuusikia udongo. Asubuhi moja nilianguka nimeshika ndoo ya maziwa, na maziwa yote yakamwagika mlangoni. Furaha hakuangalia maziwa. Aliita vijana wenye pikipiki, wakanifunga kati ya dereva na yeye kwa kitenge, na ndivyo nilivyofika Mweso, alikokuwa na shangazi yake wa kunipikia.

Benchi la kungojea radio, ile picha ya mifupa, lilikuwa refu, nami sikuweza kukaa, kwa hiyo walinilaza juu yake na watu wawili wakasimama ili nipate nafasi. Sikuwajua. Mmoja alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Alisimama pale kwa muda mrefu bila kunung'unika, akinifukuzia nzi usoni kana kwamba mimi pia ni wake.

Daktari alinyanyua picha dirishani. Alisema mfupa wa mgongo umeliwa na kifua kikuu, usaha unabana mshipa unaokwenda miguuni. Alisema dawa ipo. Nitameza kila asubuhi karibu mwaka mzima, na nitalala chali bila kuinuka mpaka yeye aseme. Nikamwuliza kama nitatembea.

"Wengi banatembea," alisema. "Lakini unipe muda."

Furaha alibaki wiki za mwanzo, halafu ikabidi arudi Kibabi kwa ng'ombe na watoto. Kabla ya kuondoka alifunga simu kwa kamba ya chandarua juu ya uso wangu, nipate kuona bila kuinua kichwa. Mdogo wake Solange, anayesuka nywele Goma, ana mtandao mzuri wa jirani. Alikuwa anapakua filamu usiku, anajaza kadi, anamkabidhi dereva wa lori la maharage, na kadi inanifikia imefungwa ndani ya soksi.

Kwa hiyo jambo la kwanza nakushauri, wewe uliyelazwa leo: mwezi wa maumivu, usiangalie hadithi. Solange alinitumia hadithi za mapenzi na sikuweza kuzifuata. Maumivu yanakata uzi. Unaona msichana analia, unafumba macho kidogo, ukifungua ameolewa na mtu usiyemjua. Tafuta zile filamu za wanyama na bahari. Ilikuwepo moja ya samaki wa kilindini, mahali ambapo jua halifiki, na samaki wenyewe wana taa mwilini. Hakuna anayegombana, hakuna jina la kukumbuka. Mfaransa mmoja anaongea taratibu kama anaogopa kuwaamsha. Niliiangalia mpaka dawa ya asubuhi, inayogeuza mkojo kuwa rangi ya fanta, ikaacha kunitisha.

Filamu ile ndiyo iliyonipa rafiki. Kitanda cha jirani alikuwepo muzee mmoja kutoka misitu ya Walikale, Muzee Musafiri, mwindaji. Mti ulimwangukia, mguu ukavunjika paja, wakautundika kwa kamba na mifuko ya mchanga. Siku nzima alikuwa anaangalia dari kwa hasira. Halafu nikasikia anauliza:

"Ule samaki analalaka wapi?"

"Sijui, Muzee."

"Na taa yake anazimaka wakati gani?"

Nikamwomba Mama Béatrice asogeze vitanda vyetu vikaribiane. Alisogeza, akachomoa visikizi vyangu vya masikioni, na kuanzia siku hiyo nilikuwa na mtu wa kubishana naye. Muzee hakukubali kwamba filamu imetengenezwa. Kila kitu alikijadili kama jambo la jirani. Akimwona mtu amedanganywa, alikuwa anamwambia, na mtu asipomsikia alikasirika mpaka chakula cha jioni.

Jambo la pili: filamu za vita ziache. Najua vijana wanazipenda. Lakini wodi yetu ilikuwa na watu waliokimbia vijiji vyao, wengine zaidi ya mara moja. Mchana mmoja kijana, ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha mwisho, alifungua filamu ya askari na sauti ikiwa juu kabisa. Risasi zilipoanza, hakuna aliyeuliza. Mama waliokuwa wanalisha watu walitupa sahani. Waliokuwa na dripu ya serumu mkononi waliivuta wakashuka. Wodi nzima iliingia chini ya vitanda, na mlango ukafungwa kwa nguvu na mtu aliyekuwa nje.

Tulibaki juu wawili. Mimi na miguu yangu iliyokufa, na Muzee na mguu wake unaoning'inia. Tuliangaliana. Nilisikia moyo wangu unapiga kwenye godoro. Nilifikiri juu ya Neema na wadogo zake, na nikashukuru hawapo.

"Sasa sisi," Muzee alisema kwa sauti ndogo, "tunakimbia namna gani?"

Yule kijana alizima simu, uso wake mweupe kama unga wa muhogo. Alipiga magoti katikati ya wodi, akaomba msamaha kitanda kwa kitanda. Mama mmoja alilia mpaka jioni, ingawa alijua ni filamu. Muzee na mimi tulicheka, baadaye sana, kicheko kile cha mtu anayetetemeka. Mama Béatrice aliweka sheria: sauti ya bunduki isiingie humu. Wewe uliyelazwa Masisi au Walikale au popote kwetu, usingoje sheria. Mgonjwa wa kitanda cha pili hujui alitoka wapi.

Sasa nifike kwa ile ya kaka yangu, kwa sababu inaumiza kidogo kuieleza.

Faustin alikuja wakati mvua zimekolea, amevaa koti la Jumapili. Mganga wa miti alikuwa ameshaachwa. Sasa alikuwa na video. Mhubiri mmoja, ukumbi mkubwa, watu wanaanguka na kuinuka. Katika video ile mtu aliletwa kwenye kitanda, mhubiri akamwambia simama, naye akasimama akakimbia ukumbini. Kaka alinisimamishia simu kifuani.

"Gédéon," alisema, akiniita jina langu, "ulikuwa munaume wa kubeba bidoni mbili za maziwa mupaka barabara. Amini tu. Shuka."

Muzee Musafiri alisema, "Dokta alikataza."

"Muzee, hii si maneno ya dokta."

Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, na nimewahi kuona mambo yasiyoelezeka. Lakini haikuwa imani iliyonisukuma siku ile. Nilikuwa nimechoka kulala. Nilichoka kufutwa na shangazi wa mke wangu, mwanamke ninayepaswa kumheshimu, nikiwa nimegeuza uso ukutani kila mara. Mhubiri alipopaza sauti, nilishika pembe ya kitanda, nikajivuta, nikateremsha miguu.

Ilijikunja kama kamba. Nilianguka ubavu, na maumivu yaliyopanda mgongoni sikuwahi kuyasikia kabla wala baada. Nilisikia Muzee anamwita muuguzi, muganga, muganga, na video inaendelea kuimba sakafuni.

Walinirudisha kwenye radio. Sikuwa na hasira nikiwa pale kwenye korido, nilikuwa na woga tu, woga mtupu, kwamba nimevunja kile kidogo kilichobaki. Faustin alikaa chini kwenye saruji na koti lake la Jumapili, mikono kichwani. Mlango wa radio ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka kwa mtu mwingine. Nilijifunza siku ile kwamba kungoja kuna uzito, unaweza kuusikia kwenye meno.

Daktari alikuja mwenyewe na picha. Alisema mfupa haukusogea. Alimgeukia kaka yangu, akamwambia kwa upole kwamba Mungu akitaka kuniinua, na yeye daktari aitwe ashuhudie, asiachwe nyuma. Faustin alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa analia bila sauti. Alirudi Kibabi, na wiki iliyofuata akatuma maziwa, na wiki iliyofuata tena akatuma maziwa, wala hakukosa.

Ushauri wangu hapo ni mfupi. Nyimbo za kwaya ziangalie. Misa iangalie. Tulikuwa nazo kila Jumapili na Muzee akaimba kwa sauti mbaya sana. Lakini kitu chochote ndani ya simu kinachokuamrisha kusimama, kizime mpaka daktari wako aseme.

Baada ya hapo nilikuwa mtu mgumu. Sikutaka kuoga, sikutaka salamu. Dawa zilinichukiza chakula. Hata harufu ya wali ilinigeuza tumbo. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye mto. Niliposhika paja langu nilishika mfupa. Furaha aliniletea kioo ninyoe ndevu, nikamrudishia.

Solange akatuma kadi nyingine, na ndani yake kulikuwa na mchezo wa kuchekesha wa Kinshasa, wa vipande vifupi vifupi. Mwenye nyumba mmoja tajiri anajifanya kiziwi ili asisikie wapangaji wanavyolalamika. Paa linavuja, yeye anajibu kuhusu bei ya mayai. Siku moja wapangaji wanaanza kusemana kwa sauti, mbele yake, juu ya sanduku la fedha lililofukiwa uani, na yeye hawezi kuuliza ni wapi kwa sababu ni kiziwi. Anazunguka ua mzima na koleo, anajifanya anapanda vitunguu. Muzee Musafiri hakuelewa Lingala yote, nilikuwa namtafsiria, na kila nilipotafsiri nilicheka upya. Mifuko ya mchanga ya mguu wake ilikuwa inagongana. Nilicheka mpaka machozi yakaingia masikioni, kama yanavyofanya ukiwa chali.

"Papa Neema," Muzee akasema. "Kidole chako kinacheka."

"Kidole gani?"

"Cha muguu. Kikubwa. Kinatingishika."

Nikafikiri ananitania. Sikuweza kuona miguu yangu kutoka pale. Mama Béatrice aliitwa, akafunua blanketi, akaniambia nifikirie kusukuma kidole. Nikafikiri. Nikafikiri kwa nguvu mpaka jasho likatoka.

"Iko," alisema. Akashika mguu wangu kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa kidogo, halafu akafunika blanketi haraka, kwa sababu alikuwa na wodi nzima ya kuhudumia. Ilikuwa karibu na Noeli. Usiniambie kwamba kicheko kiliniponya. Dawa ndizo zilizofanya kazi, nilizimeza kila asubuhi nikitaka na nisipotaka. Lakini mimi nilikuwa nimeacha kuchunguza miguu yangu, na bila yule kiziwi wa Kinshasa tusingejua mpaka lini. Kwa hiyo mwezi wa huzuni, angalia vichekesho, na angalia na mtu.

Furaha alikuwa anakuja kila aliposhuka kuuza jibini. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, tunagawana visikizi, kimoja chake kimoja changu, na tunaangalia mfululizo mrefu aliouchagua mwenyewe. Ulitoka Afrika ya Magharibi, umetafsiriwa Kifaransa. Mwanaume anakwenda ng'ambo kutafuta maisha, mke anabaki na mashine ya kusaga, anaikuza, anaajiri watu. Miaka inapita. Mume anarudi na sanduku moja na kofia nzuri, na siku ya kwanza kabisa anaomba funguo za mashine mbele ya wafanyakazi.

Furaha alivuta kile cha sikioni akakitoa.

"Na wewe utafanya vile," alisema.

"Vile namna gani?"

"Ukitoka huku. Utaninyang'anya funguo za nyumba ya fromaji, mbele ya bantu, sawa vile mimi nilikuwa mutoto wa kazi."

Alikuwa amesema kweli, ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila siku kichwani. Kila nilipofumba macho nilikuwa narudi nyumbani, nafungua mlango ule, nakuta kila kitu kimeharibika kidogo, natengeneza.

"Niko nachoka, Papa Neema," alisema. Hakuwa na hasira, ndiyo maana maneno yaliingia. "Ninaamka, ninakamua, ninapasha maziwa, ninageuza fromaji, watoto banataka kula, ninashuka huku. Mu njia bantu bote banauliza, Papa Neema eko aje? Hakuna mwenye ananiuliza, na wewe mama, uko aje?"

Muzee Musafiri aligeuza uso wake upande mwingine kadiri mguu wake ulivyomruhusu. Ndiyo adabu aliyoweza.

"Na wewe mama," nikasema, "uko aje?"

Akalia. Alilia kwa muda, akiwa ameshika kitenge mdomoni, na mimi nikamshika mkono kwa sababu ndicho nilichoweza kukifikia. Aliponyamaza alinieleza mambo ambayo hakuwa amenieleza: ng'ombe mmoja alikufa, alizaa vibaya. Wanunuzi wa barabarani walijaribu kumpunja kwa kuwa ni mwanamke, naye akaacha kuwauzia, akapata wengine. Jibini yake sasa inakaa kwenye mbao siku zaidi kuliko yangu, na watu wanaipenda zaidi. Hilo la mwisho alilisema akiangalia pembeni.

Nilimwambia funguo ni zake. Nililisema mbele ya Muzee ili kuwe na shahidi, naye akasema kutoka ukutani, "Nimesikia."

Mke na mume wakishapita miezi ya ugonjwa, wana vitu vingi tumboni ambavyo hawawezi kuvisema wao wenyewe. Nakushauri mtafute mfululizo mmoja mrefu, muufuate pamoja. Usichague wewe mgonjwa. Mwache yule anayekuuguza achague, halafu chunguza ni wapi anatoa kitu sikioni.

Muzee aliondoka kabla yangu. Mguu uliunga, ukabaki mfupi kidogo. Siku ya kwenda alisimama kando ya kitanda changu na magongo yake, akaniambia nimtafutie habari za wale samaki, kwamba siku moja mtu mwenye akili atajua wanalala wapi. Kijijini kwake mtandao haufiki. Kitanda chake kilichukuliwa na kijana mwenye homa aliyelala tu, na kwa siku kadhaa sikufungua simu.

Mvua za mwaka mpya zilipoanza, dawa zilipunguzwa, na njaa ikarudi. Ilirudi kwa namna ya ajabu. Solange alituma filamu ya wafugaji wa milima fulani ya Ulaya, theluji kila mahali, wanaume na wanawake wanakoroga maziwa kwenye sufuria la shaba linaloweza kumficha mtu. Nilianza kuwasahihisha. Wewe, moto ni mkubwa. Wewe, kata polepole. Halafu mama mmoja akakata jibini iliyokomaa, akaivunja kwa vidole, na mate yakanijaa mdomoni. Sikuwa nimetamani chakula kwa muda mrefu hata sikukumbuka hisia ile ni nini. Nilimpigia Furaha.

"Ulete fromaji," nikamwambia. "Ile yako. Na bitika vya kuchoma."

Akauliza, "Nyingi namna gani?"

Nilikula bitika, ndizi zile za kuchoma, na jibini kwa mikono miwili. Na ni kweli, ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Basi filamu za chakula ziweke mbali wakati dawa zinakuchafua moyo, zitakuumiza bure. Njaa ikirudi, ziangalie zote.

Nilisimama mara ya kwanza katikati ya zile mvua, nikiwa na korseti ngumu kutoka kwapani mpaka kiunoni. Daktari alikuwepo. Faustin pia alikuwepo. Alikuja kwa sababu Mama Béatrice alimwita. Yeye ndiye aliyenishika chini ya mikono. Sakafu ilikuwa baridi, na nilisikia kwamba ni baridi. Nilimwambia kaka, "Ni baridi," na yeye akasema, "Ndiyo, ni baridi," na tukabaki hapo tumekumbatiana kama walevi wawili, tukikubaliana juu ya sakafu.

Kiangazi kilinikuta nyumbani. Nilitembea na magongo mawili, halafu moja. Kuna kinundu kidogo mgongoni ambacho hakitaondoka, na mrefu kama zamani sitakuwa. Neema sasa ananifikia begani. Nageuza jibini za mbao za chini na Furaha anageuza za juu, na funguo ziko kwenye kitenge chake. Naendelea kuangalia filamu. Juu ya kilima nyuma ya zizi mtandao unashika vizuri, na jioni napanda na kigoda. Ukiniuliza mwezi huu niangalie nini, nitakutajia mbili. Moja ni mfululizo mpya wa Goma, wa mafundi wawili wa pikipiki, mama na binti yake, wanaokataa kutengeneza pikipiki ya mtu yeyote ambaye hajasalimu. Ni mwepesi, kila kipande kinaisha kabla chai haijapoa, na ni mzuri kwa yule anayengoja majibu ya maabara. Nyingine ni ya ndege wanaovuka jangwa, ndefu, maneno machache, kwa yule ambaye bado yuko kwenye maumivu. Ile ya daktari anayempenda mgonjwa wake, inayosifiwa na kila mtu, nimeiangalia kwa ajili yako. Iache. Wagonjwa wake wote wamelala wamejipamba, na hakuna hata mmoja anayetafutiwa bakuli la kutapikia.

Nimalizie na siku ile ya mwisho, niliyoanza nayo. Daktari alinyanyua picha mpya dirishani, akaiweka karibu na ya zamani, akasema dawa zimekwisha. Furaha alisema asante kwa niaba yetu wote wawili, na tukapanda pikipiki ya kurudi.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kabla ya Kibabi kuna mteremko na halafu mpando wa udongo mwekundu, na pale kila dereva anasimama na kusema neno lilelile, abiria washuke. Yule wetu alisimama. Aliangalia nyuma, akaona fimbo yangu.

"Mama ashuke," alisema. "Papa, wewe ubakie. Nitakupandisha polepole."

"Abiria wote banashukaka hapa?" nikamwuliza.

"Bote."

Nikashuka. Furaha alivua viatu vyake, akavibeba mkononi, mimi nikavua vyangu, akavipokea. Matope yaliingia kati ya vidole vya miguu, baridi, mazito, yakishika na kuachia. Dereva alituzidi, akapita anayumba, akatungojea juu. Tulipanda. Nilisimama mara moja kupumua na mara nyingine kwa sababu Furaha alitaka kupumua. Watu waliokuwa wanateremka na mizigo yao ya makabichi walitusalimu na kupita. Hakuna aliyeniangalia mara mbili.

Juu kabisa nilishika magoti, nikahema. Jasho lilikuwa linanidondoka puani. Furaha alinitazama, akiwa na viatu vyetu vyote vinne mikononi.

"Unapumua sawa ng'ombe," alisema.

"Kilima ni kikali," nikamjibu.

Na ilikuwa kweli. Kilima ni kikali kwa kila mtu.